Emérence wa Kadutu na Beseni la Jumatano ya Majivu

Alizaliwa Luhwindja mwaka 1938, katika nyumba ya mchimbaji aliyetoa zahabu mlimani miaka ishirini kisha akazikwa kwa shuka la kuazima. Alibatizwa Emérence, babu yake alimwita Cibalonza. Masista walimfundisha kusoma, naye akaja Bukavu kuwa mwalimu wa darasa la pili huko Kadutu. Alifiwa na mume mapema, akabaki na watoto watatu. Kwaresima aliipenda kuliko sikukuu zote, ingawa ilimsumbua kichwa. Wakubwa wa mji waliacha nyama, halafu wakala sambaza, vidagaa vya ziwani, za kukaanga hadi vifungo vya shati vikakaza. Yeye, aliyekula bugali mara moja kwa siku, alijiuliza kila mwaka afunge nini tena. Basi alifunga kusema vibaya, na kila jioni aliwatekea maji wagonjwa.

Mwaka 1972 serikali ya Chama kimoja ilikataza majina ya ubatizo, kila mtu aitwe kwa jina la mababu. Mwisho wa 1974 shule za Kanisa zikachukuliwa na serikali, misalaba ikaondolewa madarasani. Tuseme wazi, maana wengi wanajifanya wamesahau: walioishusha ni watu waliobatizwa, na baadhi yao leo wanakaa benchi la mbele kanisani.

Jumatano ya Majivu, tarehe 12 Februari 1975, Emérence alitoka misa ya alfajiri akaenda shuleni na alama ya majivu kwenye paji la uso. Mkuu wa shule, Bisimwa, alimngoja mlangoni na beseni la maji, akamwita citoyenne, yaani raia, kama Chama kilivyoagiza.

"Citoyenne Cibalonza, hapa ni shule ya serikali. Nawa uso."

Emérence alisimama pale, kichwa kikamvurugika. Asubuhi ile ile padri alikuwa amesoma Injili ambamo Bwana anaagiza mtu anayefunga anawe uso, asijionyeshe mbele ya watu. Sasa mtu aliyeshusha msalaba anaagiza neno lile lile! Akinawa, anamtii nani? Akikataa, je, hajaingia kundi la wanaojionyesha? Barabarani alikuwa akipita baba Anaclet, papa Anaclet kwa watu wa mtaa, katekista mzee aliyempaka majivu saa moja iliyopita. Akamwita.

"Papa Anaclet, ninawe ao nisinawe?"

Mzee akakuna kichwa. "Maman, mi kazi yangu ni kupaka. Kufuta, hawakunifundisha."

Walimu wakacheka. Emérence naye nusura acheke. Akainama, akanawa uso mbele ya wanafunzi wake wote, maji yakimtiririka shingoni.

Bisimwa akatabasamu, akatoa karatasi iliyopigwa mashine. Ilisema kwamba mwalimu Cibalonza amejisafisha kutokana na desturi za wageni kwa kukitii Chama. "Saini hapa, ukafundishe."

"Nimenawa, citoyen directeur. Ila sijue vizuri ni juu ya nani nimenawa: kumtii Bwana, ao kuwatii ninyi. Sasa nitasaini namna gani ya kwamba ni juu yenu?"

"Na watoto wako watakula nini?"

"Hiyo nayo sijue."

Alifukuzwa kabla ya kengele ya mapumziko. Nyumbani palikuwa na kikapu kimoja, kitunga cha maharagwe, cha kufika siku kumi labda. Siku kumi zikapita, zikapita ishirini. Jioni alikwenda kuwatekea maji wagonjwa kama kawaida, na akirudi alikuta kitunga kiko vile vile. Alishangaa, akaogopa, mwisho akawa anachota bila kutazama ndani. Hivyo walifika Pasaka, yeye na watoto watatu, na baadaye akaanza kushona nguo sokoni. Kanisa liliporudishiwa shule mwaka 1977, Emérence hakuitwa. Bisimwa alibaki kwenye kiti chake.

Malaria ilimchukua Septemba 1981. Papa Anaclet alipokuja kusali naye, alimwambia, "Mpaka leo sijue kama siku ile nilikosa." Mzee alisema hata yeye hajui, akamshika mkono hadi mwisho.

Kwenye matanga watu walisimulia muujiza wa kitunga. Sophie, jirani aliyeuza sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaanza kujikunyata.

"Bamaman, munisamehe. Ni mi nilikuwa natia maharagwe, wakati alienda kuteka maji. Kopo moja, kila siku ya ine ya juma."

Rosalie, jirani mwingine, akaruka kwenye mkeka. "Weye? Mi nilitia siku ya mbili ya juma! Nilifikiri niko peke yangu!"

Sauti nyingine ikatoka pembeni, kisha nyingine. Wakajikuta wanawake saba, wote wa nyumba zinazopika mara moja kwa siku, na kila mmoja alikuwa amemficha hata mume wake. Walicheka mbele ya maiti mpaka wakalia.

Ninyi mtakaopanga mstari tena kupakwa majivu, acheni kumwiga Emérence kwa kukunja uso. Mwigeni kwa hili: pale asipojua, alikataa kuandika kwamba anajua, ingawa mkate wa watoto wake ulikuwa juu ya ile karatasi. Na waigeni wale saba. Kila kopo walilolinyima tumbo lao, Mungu aliliona siku ile ile, miaka sita kabla yetu sisi kujua.