Msimamizi wa Viatu

Everett Haugen aliingia Jocotepec, mji wetu wa Meksiko kando ya ziwa, na sanduku moja, magoti mabovu na ushauri wa Lorne. Sanduku halikumsumbua. Magoti alishayazoea. Ule ushauri ndio uliomponza, na mpaka leo akiukumbuka anasonya peke yake jikoni kama mwehu.

Lorne alikuwa Mkanada mwenzake aliyetangulia kuhamia huku ziwani. Kila asubuhi aliketi kwenye mkahawa wa wageni akigawa elimu bure. Karatasi ya chooni usiitupe chooni, kuna ndoo yake. Maji ya bomba usiyanywe. Ukienda uhamiaji beba nakala za kila kitu, na nakala za hizo nakala, na kwenye picha vua miwani. Mtu akikualika kwake, mwambie ndiyo, nitafika, halafu usiende. Huku hiyo ndiyo adabu, wala hakuna atakayekununia. Kisha lile kubwa, alilolisema huku ameinamia meza kana kwamba wenye nchi watamsikia:

"Wakikuomba uwe msimamizi, ujue wanautaka mfuko wako. Msimamizi wa keki, msimamizi wa muziki, msimamizi wa maua, hawana mwisho hawa. Wape kitu, tabasamu, kaa mbali."

Tusimsingizie Lorne, hakuongopa. Ni kweli huku kwetu mtu husema nitakuja na asije, maana kumwambia mwenzako hapana machoni ni kama kumpiga kofi. Ni kweli pia sherehe tunagawana, huyu keki, yule muziki, kwa kuwa hakuna mmoja wetu anayeweza kuibeba peke yake. Lakini Lorne hakuwahi kukaa kwenye sherehe hata moja mpaka viti vinakusanywa. Alijua nusu, na hiyo nusu akamuuzia mwenzake kama nzima.

Aliyemfundisha Everett kuishi hasa alikuwa jirani yake, Herminia Rentería, aliyeuza jeli za maziwa mlangoni kwake. Mwanzo mzee wa watu alikuwa kichekesho. Gari la kuuza gesi ya kupikia likipita na wimbo wake, yeye bado anatafuta viatu. Akitoka, gari limeshakata kona. Akakaa hivyo siku kadhaa akila mkate na jibini baridi, mpaka Herminia alipotoka na aproni yake akapiga ukelele mtaa mzima ukageuka.

"We kiziwi wa gesi! Simama hapo! Unataka mzee wa watu ale mbichi?"

Tangu siku hiyo gari halikupita mlango wa Everett bila kusimama. Herminia ndiye aliyemwonyesha tangi la maji la juu ya paa linavyokaguliwa, ndiye aliyemwamsha alfajiri kuwahi foleni ya uhamiaji, na ndiye aliyembatiza upya, kwa sababu jina la Everett lilimkwama kooni.

"Everardo," alisema. "Mzee Everardo. Hilo angalau lina nyama."

Herminia alikuwa na binti mmoja, Citlali. Baba yake Citlali, Rutilio, alivuka kwenda kaskazini mtoto akiwa bado anatambaa, akapata mke mwingine huko, na habari zake zikaishia hapo. Everett, aliyekuwa fundi wa mabasi maisha yake yote, aliona baiskeli ya huyo mtoto imelala uani na mnyororo umekatika. Akaitengeneza. Kisha akamfundisha kuipanda, akimkimbilia nyuma na yale magoti yake huku ameshika kiti, anahema, na mtoto anapiga kelele, "Usiniachie, mzee! Usiniachie!" Kuanzia hapo, kila alipotoka shule, Citlali aliketi kwenye ngazi ya Everett akimsimulia nani kapigana na nani na mwalimu gani ana harufu ya vitunguu. Everett aliambulia nusu ya maneno. Hakuona ubaya wowote, maana ilikuwa saa yake nzuri kuliko zote za siku.

Miaka ikaenda, Citlali akakaribia kutimiza kumi na mitano. Sherehe hiyo kwetu si ya mchezo. Binti huenda kanisani na gauni kama mawingu, kisha ukumbini huketi kwenye kiti katikati ya watu wote, miguuni ana viatu vya chini vya kitoto. Baba yake hupiga magoti, huvivua, na humvalisha vya mchuchumio. Akisimama hapo, si mtoto tena. Wamama hulia, na wanaume wengi nao hulia wakisingizia vumbi.

Jioni moja Herminia akagonga kwa Everett. Alikuwa amechana nywele na kuvua aproni, jambo ambalo peke yake lingemtosha mtu mwenye macho kujua kwamba ombi si dogo.

"Mzee Everardo, nina ombi. Ukikataa sitakasirika."

"Sema, mama."

"Citlali anataka wewe uwe msimamizi wa viatu. Nilimtajia mjomba wake, mtoto akagoma. Anakutaka wewe."

Msimamizi! Everett alisikia neno hilo tu, na sauti ya Lorne ikaanza kumwimbia sikioni. Basi hata hawa? Hata Herminia? Iliuma kidogo, halafu akajiambia, potelea mbali, wamenifaa sana, acha niwape. Akaenda chumbani, akarudi na bahasha nene, akaiweka mkononi mwa Herminia. Mzee hakuwa na mkono wa birika hata kidogo. Ingekuwa ubahili, tungemsamehe upesi zaidi.

"Mnunulieni vizuri kabisa," alisema. "Mimi namba ya mguu wake siijui."

Herminia aliitazama ile bahasha. "Asante," akasema taratibu. "Misa ni Jumamosi saa kumi na moja. Ukumbini baada ya hapo. Utakuja?"

"Ndiyo, nitakuja," akajibu Everett, na akajisifu moyoni kwamba ameshakuwa mwenyeji.

Jumamosi yenyewe Lorne alipita kumchukua wakaenda kula samaki kando ya ziwa. Kengele za kanisa zilisikika mpaka pale mezani. Everett aliinua chupa yake ya bia akasema, "Kwa afya ya binti!" wakacheka, wakaagiza sahani nyingine.

Kesho yake hakuna sahani iliyokuja. Na huku kwetu, jirani akifanya sherehe, asubuhi unaletewa yako, imefunikwa kitambaa, nyama ya mbuzi ya mchuzi na kipande cha keki, hata kama ulikuwa umelala na homa. Everett alitoka mara mbili kuchungulia. Mwishowe akaenda kununua chapati za mahindi kwa Bi Cuca, ambaye ulimi wake haujawahi kulala.

"Heee! Kumbe uko hai?" Bi Cuca alisema mbele ya foleni yote. "Sisi tumeshakuandalia mishumaa!"

"Kwa nini, bibi?"

"Anauliza kwa nini! Jamani njooni mwone! Mtoto amekaa kwenye kiti, viatu viko juu ya mto, mshereheshaji anaita, msimamizi wa viatu, Mzee Everardo! Kimya. Anaita tena. Kimya. Watu wanageuza shingo kutazama mlango mpaka zinauma. Muziki ukazimwa, mzee. Ukazimwa!"

"Lakini mimi nilitoa pesa," alisema Everett.

Bi Cuca alimtazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Nani alikuomba pesa? Ulitakiwa upige magoti. Ulipewa nafasi ya baba yake."

Everett aliziacha chapati mezani. Alitembea mpaka kwa Herminia, na maneno ya Kihispania aliyoyajua yote yakamtoroka. Citlali hakutoka chumbani. Herminia alimsikiliza amesimama mlangoni, jeli zake zikitetemeka kwenye trei kila gari lilipopita.

"Sikujua," alisema Everett. "Naapa sikujua. Nilidhani... Ningekuja, Herminia. Ningekuja nikitambaa."

"Hakuna neno, bwana," alisema Herminia. "Yameshapita. Nilimvalisha mwenyewe."

Bwana. Hakusema mzee, wala Everardo. Alisema kwa upole, akatabasamu, akamfungia jeli mbili kwenye mfuko akakataa malipo. Everett angependa atukanwe. Angependa arushiwe hiyo trei kichwani. Lakini sisi tukiumia sana hatugombi, tunakuwa wapole, na upole huo hauna mlango wa kugonga.

Na ulidumu, hapo ndipo adhabu ilipokuwa. Gari la gesi liliendelea kusimama kwake, kwa sababu Herminia aliendelea kupiga ukelele. "Gesi ya bwana Everett!" Alipougua kifua, supu ililetwa, imefunikwa vizuri, na aliyeileta alikuwa mpwa wa Herminia. Ngazi yake ilibaki tupu saa za kutoka shule. Citlali alipompita barabarani alisalimia, "Shikamoo," akiwa haangalii usoni, na alianza kwenda shule kwa miguu, baiskeli akiiacha uani.

Everett alipanda basi mpaka Guadalajara akazunguka maduka siku nzima, akanunua viatu vyeupe vya mchuchumio, vya ngozi laini. Akavipeleka. Herminia akavipokea kwa mikono miwili, akamwombea baraka za Mungu. Sikukuu ya mji ya Januari, watu walipojaa uwanjani, Everett aliviona viatu hivyo. Vilikuwa miguuni mwa binti wa mjomba wake Citlali.

Lorne alimwambia asijali, hawa watu husahau. Everett alimtazama, akasimama, akaacha kahawa yake nusu kikombe. Hakurudi tena kwenye mkahawa huo. Ila kumnunia Lorne hakukumsaidia kitu. Hakuna aliyemfunga kamba siku ile. Kengele alizisikia kwa masikio yake mwenyewe.

Citlali alikwenda kusomea uuguzi, akarudi na mchumba, kijana mpole aitwaye Eliseo. Habari za harusi zikaenea, na wasimamizi wakaanza kutafutwa: wa pete, wa keki, wa maua. Kila mlango ulipogongwa mtaani Everett aliinua kichwa. Angekubali kuwa msimamizi wa chochote, hata wa kufagia ukumbi. Mlango wake uligongwa mwisho kabisa. Alikuwa yule mpwa na kadi ya mwaliko: Bwana Everett Haugen, mtu mmoja.

Alifika kanisani kabla ya padri. Ukumbini alifika wakati vijana bado wanapanga viti, akaketi kwenye meza aliyopangiwa, ile ya karibu na jikoni, na suti yake iliyombana. Akakaa hapo tangu jua lilipokuwa dirishani. Kila wimbo aliupigia makofi. Bi Cuca alipita akamgonga bega, "Leo umewahi, eh?" na Everett akacheka, kwa kuwa angefanya nini.

Dansi ilipopamba moto, bibi harusi alitoka katikati akichechemea, viatu mkononi, akitafuta kiti cha karibu. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa mezani kwa Everett. Citlali alisita, kisha akakaa. Viatu akaviweka chini.

"Vinauma?" aliuliza Everett.

"Vinaniua."

Everett hakujipanga kufanya alichofanya. Alishika ukingo wa meza akashuka taratibu, goti moja, halafu la pili, na mfupa ukalia. Akaokota kiatu kimoja.

"Citlali," alisema, "nisamehe. Mimi ni mjinga. Ulinipa kitu kikubwa, nami nikakulipa pesa."

Citlali hakuusogeza mguu. Macho yake yakalengalenga machozi.

"Unajua niliwaza nini siku ile?" alisema. "Nilidhani umekufa. Nilimwambia mama, Mzee Everardo hawezi kukosa, atakuwa ameanguka bafuni. Nikawazuia wote wasiendelee. Nikamtuma binamu yangu akimbie na baiskeli, ile yako uliyonitengenezea. Nikakaa pale kwenye kiti nakuombea kwa Mungu, mbele ya watu wote."

Everett alifumba macho.

"Akarudi," alisema Citlali. "Akaniambia uko ziwani, unakula samaki, unacheka."

Citlali aliinama, akakichukua kiatu mkononi mwa Everett bila kukivuta kwa nguvu, akakivaa. Akavaa na cha pili. Kisha akamshika mzee kwapani, kama muuguzi anavyomwinua mgonjwa, akamrudisha kitini.

"Nilishakusamehe zamani, bwana Everett," alisema. "Ila viatu vya siku ile vilishavaliwa."

Akamwekea sahani yake karibu, akamfuta vumbi gotini, akarudi kucheza. Everett alibaki mezani mpaka vijana walipoanza kukusanya viti.