Seva Iliyotaka Kujuliwa Hali

Shemeji yangu, tuliyembandika jina la Waya, ni mtu wa maneno machache, na hayo machache ndiyo yaliyomponza. Alitujengea mfumo wa mafaili ofisini: mafaili yote yakae kwenye kompyuta moja, seva, ndani ya kichumba kilichokuwa stoo ya mafagio, nasi tuyafungue tukiwa mezani kwetu. Akaeleza, "Kompyuta yako inaisalimu seva kwanza. Ikiitikiwa, ndipo inaomba faili."

Mama wa masjala, aliyetulea sote pale kazini, akakunja uso. "Mtu yuko mlango wa pili, halafu umtumie salamu? Huo ni utovu wa adabu."

Tangu hapo akawa anakwenda mwenyewe, anabisha hodi, anaiuliza seva imeamkaje, kisha anarudi mezani kufungua faili lake. Nani angependa kuonekana hana adabu? Tukafuata wote. Foleni ikafika ngazini. Mimi nilikwenda nimenuna, lakini nilikwenda.

Waya alikuwa akitupita anasonya. "Nimewajengea ili msitoke mezani."

Juzi mafaili yakagoma. Waya akakagua nyaya, swichi, programu, asione kasoro. Mama wa masjala akamuuliza taratibu, "Mwanangu, wewe uliyeijenga, umewahi kuijulia hali hata siku moja?"

Waya akatutoa nje, akafunga mlango. Tukatega masikio. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayewaomba radhi wakwe.

Mafaili yakafunguka yote, isipokuwa langu. Kumbe seva ilikuwa inaniona nilivyonuna.