Kifua Alichorithi Brigita

Rosalia wa Miteja aliolewa katika nyumba ya watu wenye kifua. Mama mkwe wake, Veronika, alibanwa pumzi kila masika, na baba yake Veronika alikufa akiitafuta hewa. Kwa hiyo Brigita, mtoto wa pili wa Rosalia, alipoanza kubanwa akiwa na miaka sita, hakuna aliyeshtuka ila mama yake.

"Huyo ni wa kwetu," alisema Veronika. "Atazoea. Mimi si nimezeeka nacho?"

Rosalia hakukubali. Siku midomo ya mtoto ilipobadilika rangi, alipanda naye gari la kwanza lililosimama, akamfikisha hospitali Kilwa Kivinje. Pumzi zilipotulia, daktari alimpa Brigita kipimo apulize kwa nguvu zake zote. Mshale ulisogea kidogo tu.

"Kwa nini yeye?" Rosalia aliuliza. "Kaka yake, Frank, analala chumba hichohicho, mbona haumwi?"

"Watoto wa tumbo moja hawarithi sawa, mama. Huenda Frank amechukua kwako, huyu akachukua kwa bibi yake. Urithi huo siwezi kuutoa. Ila mapafu yake bado yanakua, na yataendelea kukua mpaka awe msichana mkubwa. Yanayoyazuia yasikue vizuri ndiyo tunayoweza kuyapunguza. Nyumbani kuna moshi?"

Rosalia aliinama. Alikuwa akichoma korosho uani, akizibangua na kuwauzia abiria barabarani. Moshi wa maganda yake huwasha macho hata ya aliyesimama mbali, na Brigita ndiye aliyekuwa akimsaidia kuzigeuza.

Aliporudi, alilihamishia debe lake la kuchomea mwisho kabisa wa shamba, akamkataza mtoto kufika huko. Mumewe, Erasmo, akabomoa ukuta mmoja wa jiko ili moshi upate pa kutokea. Pampu ya dawa aliyopewa hospitali, Rosalia aliichomeka kwenye chupa ya plastiki iliyotobolewa, kama alivyoonyeshwa, na Brigita akavuta asubuhi na jioni, apende asipende.

Veronika, aliyezoea kupika humo, alipoona jiko liko wazi alikasirika. "Kwa hiyo moshi wangu ndio unamuua mjukuu wangu?"

"Hapana, mama. Kifua amekipata kwenu, moshi nimempa mimi. Cha kwenu siwezi kukirudisha. Changu nakiondoa."

Bibi alisusa, akawa anakula kwa jirani. Lakini siku ya kurudi kliniki ilipofika, walimkuta barabarani kabla yao, amejifunga khanga mpya.

"Na mimi nikapulize," alisema, bila kumtazama mkwewe.

Brigita bado hubanwa mvua zinapoanza, na daktari hakumficha Rosalia kwamba huenda pumzi zake zisifikie za Frank. Hata hivyo, kila wanapokwenda, mshale unapanda.

Mwaka huu Rosalia amejifungua tena, mtoto wa kike, Martina. Amechukua kifua cha nani, hakuna ajuaye. Majirani walikuja kumwona, wakataka kukaa naye jikoni karibu na moto, kama ilivyozoeleka.

"Huko hapana," Rosalia alisema, akitandika mkeka barazani. "Anayetaka kumpakata aje hapa."

Walitazamana. Veronika akawa wa kwanza kuketi, akanyoosha mikono apewe mtoto.