Hapa Hakuna Fundi

Niseme mapema ili tusije tukagombana baadaye: shangazi yangu si fundi. Hajawahi kufufua simu ya mtu, hajawahi kuunga waya wa redio ya jirani, na ukimletea pasi iliyoungua atakutazama mpaka uone haya mwenyewe. Mtaani wanamwita Mama Nyaya. Walianza kumwita hivyo kwa kumcheka, kwa kuwa hana mtoto ila ana nyaya, na yeye akalipokea jina bila kununa. Siku moja nilimsikia akimwambia mama mmoja kwenye foleni ya maji kwamba nyaya zake angalau ukizikunja zinatulia, hazikimbilii barabarani. Yule mama alikuwa na mtoto anayekimbilia barabarani, kwa hiyo maongezi yaliishia hapo.

Anafanya kazi kwenye ofisi ya vifurushi ya kampuni ya mabasi. Anapokea mizigo, anaiweka kwenye mizani, anaandika inakokwenda, anamgeukia mwingine. Mikono yake imezoea uzito kiasi kwamba hukishika kitu kwanza ndipo akitazame. Kompyuta za zamani anazisifu kwa uzito wake. Za siku hizi, anasema, ukizibeba ni kama umebeba sahani tupu, huna hata hakika kama kuna mtu alizitengeneza.

Nyumba tunayokaa aliiacha babu, na aliwaachia wote wawili, baba na shangazi. Baba ndiye mkubwa, kwa hiyo ndiye mwenye sauti. Shangazi ana chumba cha kulala ndani ya nyumba, chumba kizuri kuliko vyote, chenye dirisha linalotazama barabarani. Lakini ukimtaka usimtafute humo. Vuka ua, gonga mlango wa stoo.

Humo ndani rafu zimefika darini. Kuna kompyuta zilizovuliwa maganda, feni ndogo za kupozea, simu za vitufe zilizopangwa kwa rika, na diski zilizofunguliwa vifuniko, sahani zake zinang'aa hata unaweza kujichana nywele. Katikati kuna meza, taa yenye shingo ya kupinda, brashi za kupakia rangi na bisibisi za kila ukubwa. Na kuna kamera. Shangazi ameichomoa lenzi yake akairudisha kinyumenyume, uso ndani na mgongo nje, akaibana kwa utepe mweusi wa mafundi umeme. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ameiharibu. Akaniambia niiname nitazame.

Chini ya lenzi alikuwa ameweka ule ubao wa kijani unaobeba chipu zote za kompyuta, na ndani ya kamera ubao ule ulikuwa mji mzima. Barabara za shaba zilikuwa zinapinda kona pamoja bila kugongana. Matangi ya rangi ya fedha yalisimama mstari, na katikati palikuwa na uwanja mweusi uliozungukwa na ngazi nyembamba. Chembe moja tu ya vumbi iliyoachwa na brashi ilikuwa kubwa kama kiti kilichosahauliwa njiani. Nilitazama mpaka shingo ikaniuma, na nilipoinua kichwa nilijisikia kama nimerudishwa nyumbani kabla sijamaliza matembezi.

Hiyo ndiyo shughuli yake. Anafungua, anasafisha, anapiga picha, anafunga. Picha chache anazichapisha na kuzibandika ukutani. Hazipeleki popote, hamwonyeshi asiyeomba. Ni hivyo tu.

Hilo la "ni hivyo tu" ndilo lililokuwa linamkereketa baba.

Mambo yaliiva pale kaka yangu alipopata mchumba. Ilikubaliwa kwamba wakishaoana wataanza maisha hapa nyumbani mpaka wajijenge, na baba akatangaza kwamba watapewa stoo. Itapigwa chokaa, itawekwa dirisha, itakuwa chumba. Alitangaza siku ya mapumziko baada ya chakula cha mchana, sote tukiwa tumeshiba na hatuna nguvu za kubishana. Shangazi alikuwa na nguvu.

"Stoo ina vitu vyangu, kaka."

"Najua ina vitu. Nakuuliza, dada, mbele ya watoto hawa. Vile vitu vina faida gani?"

"Havina."

Mama alimkanyaga shangazi mguu chini ya meza, niliona. "Wifi, si ulisema ungependa kuwafundisha watoto wa mtaa?"

"Sikusema."

"Basi sema sasa."

"Siwezi kumwongopea kaka yangu kwa ajili ya rafu."

Baba aliweka kikombe chini. "Mtu mzima na akili zako timamu, kila jioni umejifungia na vyuma vibovu. Kwa ajili ya nini?"

"Navipenda. Wewe kila jioni unaangalia mpira. Umewahi kufunga bao hata moja?"

Kaka yangu alicheka, baba akamkata jicho. Mimi nilijitia hamnazo na kukusanya sahani, lakini moyoni nilikuwa nashangilia. Halafu nikiwa naosha vyombo nikaanza kuogopa. Nilimjua baba. Akishasema jambo mbele ya watu, kulirudisha ni kazi. Na nilimjua shangazi. Bila chumba kile angebaki na mizani ya vifurushi na dirisha la barabarani, na mtu hawezi kuzeekea dirishani.

Sitaki mumdhanie baba mtu mbaya. Alimpenda dada yake, ila aliona haya kwa niaba yake, na haya ya namna hiyo haina subira. Ndani ya wiki ile ile akaja na suluhisho. Alikwenda kwa mchora mabango wa sokoni, akarudi na ubao mpana, umepakwa rangi nyeupe na kuandikwa kwa herufi nyekundu: FUNDI SIMU, REDIO NA KOMPYUTA. ULIZA MAMA NYAYA. Akaukaza getini kwa skrubu, shangazi akiwa kazini. Alinieleza huku akisugua viganja. Chumba kikiwa na kazi hakuna atakayekigusa, alisema, na bwana harusi atabanwa sebuleni mpaka tupate njia nyingine. Hata lile jina la mtaani, ambalo alikuwa halipendi, alilikubali liandikwe. Alikuwa na furaha ya kweli, na hilo ndilo lililoniuma.

Jioni shangazi alipofika, alikuta watu wamepanga foleni. Mbele kulikuwa na mama mwenye pasi. Nyuma yake dereva mmoja na simu iliyoingia maji, na nyuma yake mzee wa nyumba ya pembeni na redio yake kifuani. Shangazi alisoma bango taratibu, kana kwamba linamhusu mtu mwingine.

"Jamani, samahani," alisema. "Mimi sitengenezi."

"Bango limesema unatengeneza," dereva akajibu.

"Bango limeongopa."

Mama wa pasi aliondoka akitikisa kichwa. Dereva alimfuata. Mzee wa redio alibaki, labda kwa sababu alikuwa amechoka kutembea.

"Ukitaka, mzee wangu, tutaifungua tuitazame ndani," shangazi akamwambia. "Kutazama, karibu wakati wowote."

"Nikishaitazama itasema?"

"Haitasema."

Mzee aliwaza kidogo, akaikumbatia redio yake, akaenda zake. Ndipo shangazi akachomoa bisibisi kwenye mkoba, kwani hutembea nayo kama wengine wanavyotembea na kitana, akaanza kufungua skrubu za bango moja baada ya nyingine. Baba alitoka akamkuta kwenye ya mwisho.

"Nimekutafutia njia ya kubaki na chumba," baba alisema, sauti ikiwa chini kwa sababu majirani walikuwa wanatega masikio. "Wewe unaing'oa mbele ya watu."

"Umenitafutia kazi, kaka. Kazi ninayo."

"Kwani huwezi kutengeneza?"

"Nyingine naweza."

"Sasa tatizo nini?"

"Nikianza kutengeneza simu za watu, nitaanza kuulizwa itakuwa tayari lini. Nitaanza kuichukia simu. Nikizichukia na hizi, nitabaki na nini? Nitatoka kazini nije kazini?" Alilibeba bango kwapani. "Kila kitu changu kinatumika kwa watu. Mikono yangu inatumika, mgongo unatumika. Hiki kimoja hakitumiki. Nimekataa kitumike."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo. Baba naye alikuwa amefika mwisho.

"Basi Jumamosi mkokoteni unakuja kubeba vile vyuma," alisema. "Chumba kimoja kinahitajika katika nyumba hii, na kimoja kitatoka. Usije ukasema hukuambiwa."

"Nimesikia. Kimoja."

Siku zilizofuata hakulalamika, na hilo lilinitia wasiwasi kuliko kelele. Nilimtafutia maneno ya kumwambia baba, akanikataza. Nilimwambia tuvihamishie vitu kwa rafiki yangu, akacheka. Jumamosi asubuhi mwenye mkokoteni alipiga hodi, baba akatoka kumpokea akiwa amejikaza kisabuni, tayari kwa ugomvi. Ugomvi haukuwapo. Shangazi alikuwa anavuka ua na godoro lake kichwani.

"Unakwenda wapi na godoro?" baba aliuliza.

"Nahama."

"Unahamia wapi?"

Alinyoosha kidole stoo, godoro likayumba, nikakimbia kulishika upande wa pili.

"Kaka, ulisema chumba kimoja kinahitajika. Nilikuwa na viwili peke yangu, na kweli ni vingi. Maharusi wachukue cha ndani. Kina dirisha, kimepigwa rangi, hakihitaji chokaa wala mwashi."

"Huwezi kulala mle. Hamna hata nafasi ya kitanda."

"Ndiyo maana kitanda kinaondoka na mkokoteni. Na kabati lile la kioo pia. Huyu bwana ametoka mbali, asirudi mtupu."

Mwenye mkokoteni alimtazama baba, baba akamtazama mama, mama akaangalia mawingu. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikaishia kushika godoro. Kaka yangu alijaribu kusema kwamba jambo hili si sawa, kwamba wao watabanana popote. Shangazi akamkatiza. Alimwambia bibi harusi anastahili dirisha, na kwamba hakuna mtu aliyemnyang'anya kitu, kwa hiyo wasimfanyie msiba. Kitanda kilitoka, kabati likatoka, kioo chake kikiibeba sura ya nyumba yote kwa dakika chache kabla ya kukunja kona. Majirani walisimama kutazama. Shangazi aliwasalimia mmoja mmoja.

Mchana kutwa tulisikia vyuma vikikokotwa kule stoo. Jioni ilipokaribia baba alianza kuzunguka uani, mara aokote kijiti, mara akaze bomba lisilovuja. Mwishowe alisimama mlangoni mwa stoo na kukohoa.

"Ingia, kaka," shangazi alisema. "Mlango huu hauna ugomvi."

Nilimfuata nyuma. Alikuwa amezipanga kompyuta zile nzito nne kwa nne, zimetoshana kimo, juu yake akalaza ubao, juu ya ubao godoro, na shuka limenyooshwa bila kunyanzi. Kitanda kilikaa sawasawa kati ya rafu na meza. Baba alikibonyeza kwa kiganja, hakikutikisika. Akainua pembe ya shuka na ya godoro. Herufi nyekundu zilimtazama: FUNDI SIMU.

"Umelilalia bango langu," alisema.

"Ubao wake ni mzuri. Haubonyei."

Nilidhani atafoka. Aliirudisha pembe ya shuka mahali pake, akaipapasa ikanyooka, akaketi. Macho yake yalipanda ukutani, kwenye picha, yakatua kwenye moja na kukaa hapo. "Hiki ni nini?"

"Redio yako ile ya ujana. Uliyoitupa."

"Redio yangu ilikuwa hivi?"

"Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Hukuwahi kuifungua." Shangazi aliiwasha taa, akaisogeza kamera, akashusha kutoka rafuni ubao mdogo wa kahawia wa redio ile. "Iname. Usipumue juu ya lenzi."

Baba aliinama. Mgongo wa shati lake ulikuwa umelowa jasho la siku nzima ya kujifanya ana kazi. Alisogeza kichwa kidogo kulia, kidogo kushoto, na mkono wake mmoja ukawa unatafuta ukingo wa meza wa kushikilia.

Hodi ikasikika uani. Alikuwa yule dereva, na simu yake iliyoingia maji mkononi. Alisema ameulizia kote, ameambiwa Mama Nyaya anaweza ila ana maringo, na amekuja kumbembeleza.

Nilimwangalia shangazi. Alikuwa anamwangalia kaka yake.

Baba hakuinua jicho kwenye kamera. "Nenda sokoni, ndugu yangu," alisema. "Hapa hakuna fundi."