Neno Moja kwa Kafili

Rafiki yangu alikuwa dereva wa lori, na lori lenyewe alilitukana kila siku. Alichokipenda ni farasi. Alizaliwa Laikipia, kwenye ranchi ambako baba yake alikuwa saisi, mtunza farasi, akajua kupanda kabla hajajua kusoma. Saudia hakuna aliyemuuliza habari hizo. Walimpa trela, akawa anapakia kwenye maghala ya Al-Sulay, Riyadh, anashusha Jeddah, anarudi. Kwenye kioo cha ndani alining'iniza hatamu kuukuu aliyotoka nayo nyumbani. Akikanyaga breki aliipapasa dashibodi na kusema, "Pole pole, mama."

Tulikuja pamoja, ndege moja, wakala mmoja. Tulilala chumba kimoja Al-Sulay mpaka nikahamishiwa Jeddah, kuwa dereva wa nyumbani kwa familia moja mtaa wa Al-Safa. Siku nilipomwambia kwenye simu kwamba bosi wangu ana farasi nje ya mji, alinikatiza hapo hapo.

"Buda," akasema, "na hukuanza na hiyo?"

Tangu hapo, kila alipofika Jeddah alinipitia. Alikuwa akishusha mizigo, anaoga kwa maji ya dumu nyuma ya trela, anavaa buti za ngozi alizozificha nyuma ya kiti, kisha anachukua teksi. Buti, katika joto lile! Tuliketi ukingoni mwa barabara nje ya geti, tukinywa chai ya maziwa.

"Umemuuliza mzee kama naweza kupanda?"

"Bado. Wiki hii hana mood."

"Sawa tu. Hakuna haraka."

Kisha alitoa simu tukatazama rodeo, wanaume wa Amerika wenye kofia pana juu ya farasi wakali wanaowarusha kama magunia. "Sekunde nane tu," aliniambia kila mara, ni kama sikuwahi kusikia. "Ukikaa hizo nane, umemaliza mchezo." Aliinama na kuyumba hapo hapo barabarani, mkono mmoja juu, mpaka wapita njia wakatugeukia. Nilicheka sana. Nilicheka zaidi kwa sababu ameacha kuuliza.

Sikuwa nimemuuliza bosi, na sikumuuliza kamwe. Sisi madereva wa nyumbani tuna kanuni yetu: neno lako kwa kafili, mwajiri aliyekuleta, ni moja, usilimalize kwa vitu vidogo. Ukiomba hiki leo, kesho mama akiugua au ikama, kibali chako cha kuishi, ikiwa na matata, utaambiwa wewe kazi yako ni kuomba tu. Wenzangu wote waliishi hivyo. Mimi nililitunza neno langu kwa ajili ya likizo, na farasi niliona ni utoto. Mtu mzima, baba wa watoto, anataka kupanda farasi! Kuna siku nilimkasirikia kimoyomoyo kwa kunifanya niongope, kana kwamba yeye ndiye aliyenifunga mdomo.

Na kila Ijumaa nilimpeleka bosi zizini, nikabaki ndani ya gari na kiyoyozi. Kulikuwa na farasi mmoja mweupe, alinunuliwa kwa ajili ya kijana wa bosi aliyekwenda kusoma ng'ambo. Hakuna aliyempanda. Saisi alimzungusha uwanjani kwa kamba, anamrudisha. Nilimwona vizuri kupitia kioo, kisha nikarudia simu yangu.

Rafiki yangu alifia Al-Sulay, kwenye foleni ya kupakia. Moyo ulisimama. Dereva wa nyuma yake alipiga honi kwa hasira, akidhani amelala.

Tukiwa bado tunahangaikia karatasi za kumsafirisha, mke wake alinipigia.

"Shemeji, Mungu akubariki," alisema. "Alikuwa ananiambia vile kila akifika Jeddah unampeleka kwa farasi. Hata watoto wanajua. Huko kulikuwa kugumu, lakini akirudi kwa huyo farasi mweupe, sauti yake inakuwa ingine kabisa. Sasa tunachapisha programu ya mazishi. Alisema picha zake akiwa juu ya farasi uko nazo kwa simu yako. Nitumie moja tu, ile nzuri."

Nilijibu nitatafuta. 

Rafiki yangu aliijua rangi ya farasi kutoka kwangu. Nilikuwa nimemsimulia siku moja, kumpoza.

Ijumaa iliyofuata, tukiwa zizini, nilimwambia bosi. "Baba, nimefiwa na rafiki. Alipenda farasi. Naomba nimpige picha huyo mweupe."

Bosi alinigeukia. "Rafiki yako alijua farasi? Mbona hukumleta? Huyu anazeeka bure. Mafi mushkila, hakuna shida, piga."

Alisema hivyo tu, kwa upole, akaenda zake. Ningefurahi kama angenitukana. Neno nililolibana muda wote ule lilikuwa jepesi namna hii, na halikunipunguzia kitu.

Saisi alimtandika farasi, akamshika kutoka pembeni ili yeye mwenyewe asionekane. Nikapiga, nikatuma. Jibu lilikuja upesi.

"Asante shemeji. Na yeye yuko wapi?"

Nilimpigia. Nilimwambia kwamba mumewe hakuwahi kumgusa farasi huyo, kwamba alikuja na buti zake mara zote nami nikamrudisha, kwamba aliyoyasimulia aliyatunga ili mimi nisionekane mbaya na wao wasimwonee huruma. Nilimwomba msamaha. Nyuma yake nilisikia watu wa matanga wakipanga viti.

"Watoto wameshaambiwa kwamba kutakuwa na picha," alisema. "Tutaweka ya farasi peke yake."

Mazishi niliyatazama kwenye simu, nimekaa ndani ya gari la bosi. Mtu mmoja aliinua programu karibu na kamera. Ukurasa wa mwisho alikuwamo yule mweupe, tandiko tupu mgongoni, na chini yake wameandika: Farasi wa Baba, Jeddah.