Dunia Niliyoijenga kwa Mawe ya Wenyewe

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka masikio yangu bado yanapata moto. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa kwanza chuo kikuu hapa Kisangani, nimesimama mbele ya wazee wa wavuvi wa maporomoko, natakiwa kueleza ni nani aliyenituma nigawe mto wa watu. Lakini nisikimbilie huko. Nianze na daftari langu, maana najua na wewe unalo lako, na ukilifungua unasahau hata chungu kilichoko motoni.

Dunia yangu iliitwa Ilundo. Siwezi kuisimulia kwa utulivu hata leo, unisamehe. Huko mto haushuki, unapanda kwenda mbinguni, na sauti za watu waliokufa zinateremka ndani yake kama samaki. Watu wanategesha migono, vile vikapu vikubwa vya kunasia samaki, na ukiinasa sauti una nguvu: unaita mvua, unamlaza adui, unafungua mlango usio na ufunguo. Nyumba tatu zinagombania mahali pa kutegea, na juu yao yuko malkia wa mbingu aliyegawa mto siku dunia ilipoumbwa. Nilikuwa naandika mpaka vidole vinakataa. Mama alidhani nasomea mtihani, akawakataza watu wasinisumbue, Mungu anisamehe.

Na mto wenyewe niliutoa wapi? Hapo ndipo uvivu wangu ulipoingia. Rafiki yangu Bibiche alikuwa binti wa Papa Damien, mvuvi wa hapo kwenye maporomoko. Unajua wavuvi wetu wanavyofanya: wanasimamisha miti mikubwa kwenye matundu ya mawe, wanaifunga kwa kamba za porini, kisha wananing'iniza migono pale maji yanapokasirika zaidi. Kila mahali pana familia yake, na kila familia ina habari yake ya babu wa kwanza aliyesimamisha mti pale. Nilikaa na Bibiche juu ya mawe alasiri nyingi, yeye ananionyesha, mimi nachora. Nikanakili kila kitu, jiwe kwa jiwe, nikabandika majina yangu ya ajabu juu yake. Nikajiona fundi kweli.

Kwenye ramani yangu, mahali pa katikati, penye maji mazuri kuliko pote, niliipa nyumba ya Waita-Mvua. Niliiweka nyumba hiyo upande wa juu kwa sababu karatasi ilikuwa na nafasi huko, basi. Nikaandika kwamba pale ni pao tangu dunia ilipoumbwa. Sikujua kwamba mafuriko ya msimu ule yalikuwa yameng'oa miti ya katikati, na kwamba Papa Damien na binamu yake Papa Tito, anayekaa upande wa juu, kila mmoja alikuwa amekuja kusimamisha miti akisema pale ni pa babu yake. Bibiche hakuniambia. Sisi tulitoka Maniema, na mambo ya namna ile hayaambiwi wageni, hata mgeni anayekula kwenu kila wiki.

Nikaenda kusoma hadithi yangu kwenye mkutano wa vijana wa parokia, na ramani nimeibandika ukutani. Walipiga makofi sana. Nilirudi nyumbani nimekaa nyuma ya toleka, ile baiskeli ya abiria, nikijiona malkia wa mbingu mwenyewe. Siku ya tatu ramani niliyoiacha ukutani ilikuwa mikononi mwa Papa Tito.

Bibiche alikuja chuoni kunitafuta. Hakuketi.

“Weye ulikula kwetu,” aliniambia. “Sasa banasema ni papa ndiye alikuambia kama ile mahali haiko yetu. Tukiipoteza, balongo bangu batakula nini?”

Balongo ni ndugu zake, sita, wote wadogo kuliko yeye. Nilitaka ardhi inimeze. Nilikuwa nimeitunga habari ya mwanzo wa dunia kwa raha zangu, na katika mji huu, mwanangu, habari ya mwanzo ndiyo hati ya mwenye mahali. Nilikuwa nimemwandikia Papa Tito hati.

Basi Jumapili ile, baada ya ibada, tukakusanyika uani kwa mzee wao, ambaye wote walimwita Koko, yaani babu. Papa Tito akainua ramani yangu juu.

“Huyu mutoto iko mugeni,” akasema. “Muto yetu aliijulia wapi? Ni ba kwa Damien ndio bamemuambia, na bamemuambia kweli.”

Koko akanigeukia. “Alors, mutoto. Nani alikuambia?”

“Hakuna mutu, Koko. Ilitoka kwa kichwa yangu.”

Wakacheka. Papa Damien hakucheka, alikuwa anatazama miguu yake. Koko akasema, “Bon. Kama iko ya kichwa yako, utuambie yote.”

Nikaanza mwanzo. Nikawaambia mto unapanda, sauti zinateremka, malkia amekaa juu. Na nikwambie ukweli wangu wa aibu: nilipofika kwenye vita vya nyumba tatu nilisahau kwamba nahukumiwa. Mikono ilikuwa hewani. Mama mmoja aliyekuwa anamenya karanga akaacha kumenya. Koko alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kuuliza, polepole, kama mtu anayechagua mchele.

“Sauti mukiikamata, inakaa siku ngapi mbele ya kuoza?”

Sikujua.

“Mugono ikivunjika, nani anasuka ingine?”

Sikujua.

“Mutu akikamata sauti ya mama ya mwenzake, anarudisha ao anatumia?”

“Sijui, Koko,” nikakiri.

“Na maji ikipunguka?”

Hilo nalo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Koko akamgeukia Papa Tito. “Umesikia? Hakuna mutu wa kwetu anaweza kuelezea muto na asiseme maji ikipunguka. Hii habari haikutoka kwa Damien. Haikutoka kwa mutu yeyote.” Akanirudishia ramani. “Weye ulichukua mawe yetu, ukaacha kazi yetu. Enda utafute muto yako.”

Wazee wakaiweka hadithi yangu pembeni, wakasikiliza mashahidi wa kweli, na jioni mahali pa katikati pakabaki kwa Papa Damien. Ujinga wangu ndio uliomwokoa. Nimeishi na hilo mpaka leo.

Ungefikiri nilirudi nyumbani nikalia. Nililia, ndiyo, lakini njia nzima maswali ya Koko yalikuwa yananichemka kichwani. Sauti inaoza! Kwa nini sikuona? Ikiwa inaoza siku ya tatu, basi hakuna nyumba inayoweza kulimbikiza uchawi, lazima wagawane au wapigane upesi. Maji yakipungua, nyumba kubwa zinakuwa maskini, na anayejua kusubiri ndiye anayetawala. Na malkia aligawa mto kwa nani, akamnyima nani, na yule aliyenyimwa anasimulia mwanzo wa dunia vipi? Nilichana ramani ile vipande vipande na kuanza upya na mto ambao sijawahi kuuona. Sijawahi kufurahi hivyo maishani.

Bibiche hakunisemesha miezi mingi. Nilipomaliza, nilimpelekea daftari, nikaliacha mlangoni kwao. Wiki mbili baadaye akaja nyumbani, akalitupa mezani na kuuliza, “Migono yote ya huko inasukwa na bamama. Mbona hakuna mama hata mumoja kwa baraza?” Alikaa, akaomba maji ya kunywa. Niliandika upya sura saba.

Kwa hiyo, mwanangu, unayejenga dunia: jenga bila kuogopa. Ipe uchawi, lakini uujue unaoza lini na unamchosha nani. Ipe wafalme, lakini ujue anayewasukia vikapu. Ukiandika jinsi dunia ilivyoumbwa, jua umempa mtu mahali na kumnyang'anya mwingine, kwa hiyo huyo unayemnyang'anya asiwe jirani yako. Na mpe daftari mtu anayejua kazi halisi, umwache aulize mpaka uishiwe majibu.

Mungu akupe kichwa kisichochoka na mto ulio wako mwenyewe. Akupe rafiki atakayekukasirikia kwa haki kisha arudi kukaa mezani pako. Na siku utakayoulizwa usilolijua, akupe moyo wa kusema sijui. Amina.