Pengo ya Kwanza ni ya Mgonjwa

Hapana Mutheu, hujaniuliza lakini nakujibu: hiyo kitabu ya ofisi unaandika hutaimaliza leo. Umenieleza mwenyewe. Kuna amri kwa ile lugha ya kuambia kompyuta ikae namna gani. Unaipa sentensi iko na mapengo, halafu unaipa vitu vya kujaza, na yenyewe inapanga. Nikakuuliza mimi nyanya yako, gani inaingia kwanza? Ukakunja mdomo hivi: "Aah Susu, hiyo kila mtu ofisini anajua!" Mwanangu, hiyo sauti naijua.

Nakumbuka siku moja Sultan Hamud, uhuru bado mpya. Babu yako Mutua alikuwa kazi Mombasa, na mama yake, tulimwita Mwaitu, alikuwa amelala wiki mbili akiuliza mtoto wake tu. Nikaenda kwa karani wa barua. Huyo alikuwa na karatasi zake tayari, zimeachwa mapengo: fulani ni mgonjwa sana, njoo haraka, fulani ni mzima. Lakini siku hiyo alikuwa ameenda matanga, ameacha ndugu yake, mtu wa kuongea na pua: "Mama, taja majina mbili, laini ni ndefu!"

Sasa mimi mama yangu alinifunza, mtu wa mbali hatupiwi mabaya mlangoni. Nikaanza na mazuri. "Mbua," nikasema. Huyo ni ng'ombe yetu, alikuwa amezaa vizuri. Halafu, "Mwaitu." Akajaza vile nimetaja. Hakunisomea, na mimi na kusoma, wapi na wapi!

Siku ya kumi lori ikashusha chupa. Dawa ya ng'ombe! Na karatasi: "Mpe Mbua. Nimefurahi Mama ni mzima."

Sikulia. Nilifunga leso nikarudi Sultan Hamud kwa miguu. Karani mwenyewe alikuwa amerudi. "Lakini kila mtu anajua mgonjwa ndio wa kwanza," akasema, shingo kama jogoo. Nikamwambia mimi sitoki. Nikakalia kiti yake mpaka akachora: pengo ya kwanza mtu amelala, ya pili mtu amesimama, na kando barua moja imejazwa yote, ya kuonyesha. Ndio nikatuma ingine.

Kuuliza si ujinga, wanasema. Lakini msomaji wako akiwa mbali, atauliza nani? Kwa kila amri andika inataka nini, gani kwanza, gani pili, ukisahau moja inafanyaje. Halafu weka mfano umejazwa, na vile inatoka. Andika hata ukichoka. Mungu akupe mkono wa nguvu, na akuepushe na wajuaji.

Mutua alifika, akamkuta mama yake bado anapumua. Badala ya kushukuru tukaanza: yeye analaumu mimi, mimi nalaumu karatasi, sauti juu. Mwaitu akainua kichwa, akaangalia ile chupa dirishani.

"Nipeni hiyo ya ng'ombe ninywe. Angalau yenyewe imeandikwa vile inatumiwa."